Sauti ya Kuongozea

Wanasema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Chiriku na Mkasi walikuwa wameyaficha vizuri tu, tena katikati ya watu ambao kazi yao ni kuchungulia mapenzi ya wenzao. Dawati la burudani lilijua nani kaachana na nani, nani kavua pete, nani kaonekana wapi na mke wa nani. Lakini kwamba mhariri wa picha aliyejifungia kwenye kile chumba kidogo cha giza na yule mwanagenzi mwenye mdomo usiochoka walikuwa wakipendana mpaka wanakosa usingizi, hilo dawati halikulijua kabisa.

Jina la Chiriku alipewa siku ya kwanza kazini, kwa wingi wa maneno yake. La Mkasi lilikuwa la zamani, na hakuna aliyehitaji kuelezwa, maana kazi yake ilikuwa kukata. Alikuwa kijana mrefu, mpole, mwenye vidole vyepesi na tabia ya kusikiliza huku ameinamisha kichwa upande mmoja. Wasichana wengi wa kituo kile cha runinga walikuwa wameshajaribu kumchekesha wakashindwa.

Na usidhani mwanagenzi wa burudani ana burudani yoyote. Anawapigia simu wasanii ambao hawapokei. Anahakikisha jina la msanii limeandikwa vile anavyolitaka mwenyewe, maana akikosea herufi moja mashabiki watamtukana mpaka bibi yake. Analeta kahawa. Chiriku alikuwa na kazi moja zaidi, na aliipenda kuliko zote: kusoma sauti ya kuongozea. Mtangazaji mwenye jina lake huwa bado anapakwa poda wakati habari inatakiwa kukatwa. Basi mwanagenzi anaingia kwenye kibanda cha kurekodia, anasoma maneno yote, na mhariri anapanga picha juu ya sauti hiyo. Mtangazaji akishamaliza poda anasoma yake, na ya mwanagenzi inafutwa. Chiriku alikuwa amesoma harusi, talaka, matamasha na magomvi ya wasanii mpaka koo likamkauka, na hakuna aliyewahi kumsikia isipokuwa mtu mmoja.

Kwa ajili ya huyo mtu mmoja ndipo mazoea yalipoanza. Akishamaliza mstari wa mwisho, Chiriku alikuwa akinyamaza kidogo, halafu anamwachia Mkasi neno lake. "Mkasi wangu, kata hapo, kisha nenda ukale." Au, "Kata hapo. Hilo shati la bluu usilivae tena kazini, nashindwa kuandika." Mkasi alilisikiliza neno lake kwenye hedifoni, akautabasamia ukuta, akalikata, akapeleka kazi ikiwa safi. Kazini hawakuandikiana ujumbe wala hawakusimama pamoja kwenye ngazi. Faragha yao ilikuwa hicho kipande kifupi cha sauti, na iliwatosha.

"Wenzako wakisoma nawatoa pumzi zao," Mkasi alimwambia siku moja walipokutana mbali na kituo. "Zile wanazovuta kati ya sentensi. Zinachafua sauti. Zako sizitoi."

"Kwa nini?"

"Nazipenda."

Chiriku hakulala siku hiyo.

Kuficha kulikuwa na sababu zake. Kituo hakikutaka mwajiriwa na mwanagenzi wachanganye mambo, na sheria hiyo ulisomewa kabla hujaonyeshwa choo kiko wapi. Mkasi naye alikuwa amebakiza kidogo tu awe mkuu wa wahariri wa picha. Tena kulikuwa na mama yake, mjane mwenye presha, aliyekuwa na mtoto huyo mmoja na mipango mingi juu yake. "Nipe muda," Mkasi alisema kila walipolifikia jambo hilo. Chiriku alimpa, kwa sababu ukipenda, muda unakuwa kitu cha kugawa.

* * *

Siku yenyewe, Mtangazaji aliamka hana sauti. Mafua yalikuwa yamemkaba, akafika kituoni anazungumza kwa mikono. Na habari kubwa ya burudani ya mchana ule ilikuwa nzuri kweli: mwimbaji mkongwe na mumewe waliokuwa wameachana tangu ujanani, wamerudiana na kufunga ndoa upya, wote wawili vichwa vyeupe. Mkuu wa dawati, ambaye wote walimwita Bi Mkubwa kwa heshima na kwa woga, aliingia chumba cha kuhariri kuona kazi imefika wapi. Akasikiliza kidogo.

"Hii sauti ya nani?"

"Ya Chiriku," Mkasi akajibu. "Ya kuongozea tu."

"Ina maisha. Iende hivihivi. Mtangazaji atafungua na kufunga kwa hicho kisauti alichobakiza, katikati awe huyu mtoto."

Mkasi alimkuta Chiriku kwenye mashine ya kahawa, ana vikombe mikono yote miwili. Kwa mara ya kwanza hakugeuka kuangalia nani yuko nyuma yake.

"Leo unaruka hewani."

"Acha utani."

"Sauti yako. Habari nzima. Bi Mkubwa kasema mwenyewe."

Chiriku alimwangalia usoni kuona kama kuna mzaha, akaona furaha tupu, furaha ya mtu anayejivunia mali yake. Kahawa ikamwagika mkononi na hakuhisi. Laiti angejua, angeusimamisha ulimwengu hapo hapo, wawili hao wakitazamana kama watu ambao hawana cha kuogopa. Badala yake alikimbilia simu.

Baba yake alikuwa kinyozi. Mke wake alikuwa ametangulia mbele za haki Chiriku akiwa mdogo, naye alimlea binti yake kwenye kiti cha kunyolea, kati ya mashine na vioo. Tangu binti alipoanza mafunzo, runinga ya kibanda chake cha kunyolea haikubadilishwa kituo. Mteja aliyetaka mpira alielekezwa kwa kinyozi mwingine. "Binti yangu yumo humo," alikiambia kila kichwa kilichoinama mbele yake. "Hamumwoni, lakini yumo."

"Baba, ongeza sauti ya tivii," Chiriku alisema. "Habari za mchana, kwenye burudani. Nitasoma mimi."

Upande wa pili mashine ya kunyolea ilizimwa. "Wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe, Baba."

"Ngoja niwaite watu," baba akasema, na simu ikakatwa kabla hajaagwa.

Kilichotokea chumba cha kuhariri Chiriku alikuja kukijua baadaye. Mkasi alikuwa anamalizia kazi simu yake ilipoita. Mama. Akaibana kwa bega, mikono ikiendelea. Mama alikuwa na jambo: amezungumza na mama wa msichana fulani, msichana mtulivu, mwenye staha, na wamekubaliana aje kutambulishwa. Mkasi akawa anasema ndiyo mama, hapana mama, tutazungumza mama. Mlangoni Bi Mkubwa akapaza sauti, "Iko wapi hiyo habari?" Mkasi akabonyeza, kazi ikaenda. Picha ya mwisho huwa inaachwa iendelee kidogo, ili studio ipate nafasi ya kumrudia mtangazaji. Na chini ya picha hiyo ya mwisho, sauti ilikuwa bado haijakatwa.

Chumba cha habari kilisimama kutazama. Chiriku alikuwa katikati ya wenzake, Mkasi mbali kidogo, kama walivyozoea, karibu na dirisha, simu ya mama bado sikioni. Sauti yake ilipotoka kwenye runinga ya ukutani hakuitambua mara moja. Ilikuwa nzito kuliko alivyodhani, na ya mtu mzima. Mwenzake mmoja akampiga bega. "We Chiriku, kumbe!" Habari ikaenda ikaisha, bwana harusi akamfunga bibi harusi kamba ya kiatu, watu wakaguna kwa utamu. Kisha kukawa na kimya kidogo. Kisha ile sauti ikarudi, sasa ya chini, ya karibu sana, kama mtu yuko kwenye mto wako.

"Mkasi wangu, kata hapo. Hawa wamengoja mpaka mvi, sisi tusingoje hivyo. Njoo kwa Baba. Nakupenda, na nimechoka kukupenda kwa kunong'ona."

Mtangazaji akarudi kwenye kioo, mdomo wazi, macho yametoka. "Naam," akasema kwa kile kisauti chake cha mafua. "Mkasi, nadhani umesikia."

Chumba kizima kililipuka kwa kicheko. Wengine walipiga meza, wengine walirukaruka. Mtama ulikuwa umemwagwa kwenye kuku wengi, na kuku walikuwa na njaa. Chiriku hakusikia hata mmoja. Alikuwa anayatafuta macho ya Mkasi. Angetazamwa tu, hata kwa hasira, angejua wako pamoja ndani ya balaa lile. Mkasi alikuwa anatazama viatu vyake.

Simu ikaita mfukoni. Alitoka koridoni nayo.

"Baba."

"Nimekusikia."

"Baba, nisamehe. Haikutakiwa kutoka, ilikuwa…"

"Tumekusikia wote. Muuza duka, fundi viatu, mama wa jirani na wanawe. Kuna mteja nimempitisha mashine katikati ya kichwa, amekuwa na njia ya ng'ombe. Nimemwambia avumilie, ni furaha ya mzazi."

Chiriku alianza kulia na kucheka kwa pamoja. "Umekasirika?"

"Huyo Mkasi ni mtu au chombo?"

"Ni mtu, Baba."

"Ana miguu?"

"Anayo."

"Basi leo jioni aitumie. Mimi sina ugomvi na mapenzi, mama. Hata mimi niliyapitia, ndiyo maana upo. Ugomvi wangu ni na huko kunong'ona. Sauti yako nimeisikia, na mtaa umeisikia. Sasa tunataka kuisikia ya kwake."

* * *

Bi Mkubwa aliwaita wote wawili ofisini kwake na kufunga mlango. Kwa kawaida alikuwa anatembea huku anazungumza. Siku hiyo alikaa.

"Wakubwa wamenipigia," alisema. "Wanacheka, lakini wanacheka kwa meno ya mbele. Nitawauliza jambo moja, na ninaomba nisidanganywe. Kuna kitu kati yenu?"

Akawatazama mmoja baada ya mwingine.

"Sikilizeni. Mimi si mtoto. Haya nimeyaona kabla nyinyi hamjazaliwa. Kama mpo wawili, semeni mpo wawili. Nitampeleka mmoja dawati jingine, nitawakaripia, mambo yatapoa. Kwenye hili kosa la kutokata, Mkasi utapewa onyo, basi. Nijibuni tu."

Chiriku alihisi moyo unamfunguka. Kumbe mlango ulikuwa wazi! Kumbe ilitakiwa sentensi moja tu, na wangetoka pale wakiwa watu wanaojulikana. Alimgeukia Mkasi, karibu atabasamu, maana alitaka aseme yeye. Ndiye mwanamume, ndiye mkubwa kazini, na Chiriku alikuwa ameshasema lake mbele ya nchi nzima.

Mkasi alikohoa.

"Hakuna kitu, Bi Mkubwa."



"Huyu binti ni mchangamfu," akaendelea, anaiangalia meza. "Unamjua mwenyewe. Amezoea mizaha. Anapenda kuweka maneno maneno mwishoni, mimi huwa nayakata. Nilishamwambia aache. Leo yamenipita, hilo ni kosa langu. Lakini nje ya kazi mimi simjui."

Kuna maumivu yanayokuja taratibu, na kuna yanayokuja yote kwa mara moja mpaka mwili hauamini. Chiriku alisimama palepale, mikono imening'inia. Aliisikia sauti ile iliyokuwa ikimwita usiku kwa jina lake la nyumbani, sasa inamwita huyu binti.

"Chiriku," Bi Mkubwa akasema, na sauti yake ilikuwa imelainika. "Na wewe sema lako."

Hapo ndipo Mkasi alipoinua macho kwa mara ya kwanza. Yalikuwa yamejaa maji. Hayakumwambia nisamehe, yalimwambia nisaidie. Na yeye, mjinga wa mapenzi, aliyekuwa na maneno kwa kila mtu na kwa kila jambo, akamsaidia.

"Ni kweli, Bi Mkubwa. Mimi ndiye niliyezoea. Yeye hana kosa."

Bi Mkubwa alimtazama muda mrefu. Alijua, au alikaribia kujua, lakini mtu akishakiri huna la kumfanya.

"Una sauti nzuri, mwanangu. Nilikuwa nataka nikubakize hapa. Lakini anayemsumbua mwenzake kazini siwezi kumweka, hata nikitaka. Kitambulisho utamwachia mlinzi pale chini."

* * *

Mkasi alimkimbilia kwenye ngazi. Walisimama kati ya sakafu na sakafu, mahali ambapo hawakuwahi kuthubutu kusimama pamoja. Watu walipanda na kushuka wakiwakwepa, na hakuna kati yao aliyejali tena.

"Nisikilize kwanza."

"Nakusikiliza."

"Nisingeweza, Chiriku. Umewaona? Kesho wangeninyima ile nafasi. Nafasi ikiondoka, kwa mama nitasema nini? Wewe ni mwanagenzi, utapata kituo kingine, una kipaji. Mimi nikianguka hapa nimeanguka."

"Bi Mkubwa alisema atakupa onyo tu."

"Wanasema hivyo."

"Mkasi, alisema. Nilikuwepo."

Alijaribu kumshika mkono, Chiriku akaurudisha nyuma, si kwa hasira. Aliogopa kwamba akishikwa atasahau alichokuwa anakiuliza.

"Mama alikuwa kwenye simu ilipotoka," Mkasi akasema polepole. "Alikuwa na tivii mbele yake. Alisikia yote."

"Akasemaje?"

"Aliuliza msichana gani huyo anayemtangaza mwanangu hadharani bila haya."

"Ukasemaje?"

Mkasi akageukia ukuta.

"Nimekuuliza, ukasemaje?"

"Presha ilikuwa inampanda, nilimsikia anavyohema. Nikamwambia simjui."

Chiriku alikaa kwenye ngazi. Kwa hiyo alikuwa amekanwa mara mbili, na jua bado liko utosini.

"Nakupenda," Mkasi alisema, amechuchumaa mbele yake. "Wallahi nakupenda. Hilo unalijua."

"Nalijua."

"Basi nivumilie."

"Baba anakungoja leo jioni."

Alimwona anavyoshtuka. "Leo?"

"Leo. Wala hakukasirika. Anataka tu kukusikia."

Mkasi alifikiri kwa muda, akiwa amekiinamisha kichwa upande mmoja, na Chiriku alichukia jinsi alivyokuwa bado anakipenda kichwa kile. "Nitakuja," akasema mwishowe. Na moyo, ambao siku nzima ulikuwa unapigwa mateke, ukanyanyuka tena na kumwamini.

* * *

Nyumba yao ilikuwa nyuma ya kibanda cha kunyolea, vyumba viwili na sebule ndogo. Baba alikuwa amefunga kazi mapema. Alikuwa amevaa shati la mikono mirefu na kupanga viti, akavipangua, akavipanga upya. Chiriku alimwambia kwamba mafunzo yameishia hapo, wamemsimamisha kwa ajili ya ile sauti. Ya ofisini hakumwambia.

"Wenye kazi zao wana sheria zao," baba alisema. "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Na mwenzio wamemfanyaje?"

"Yeye wamembakiza."

"Afadhali. Wawili mkikosa kazi kwa siku moja, ndoa mtailisha nini?" Akacheka peke yake. Chiriku aliingia ndani kunawa uso.

Kiza kilikuwa hakijaingia Mkasi alipobisha hodi. Alikuja kweli. Alikuwa amevaa lile shati la bluu, na Chiriku alipomwona mlangoni alitamani mambo yote ya mchana yafutike.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye Mkasi?"

"Ndiye mimi."

Baba alimzunguka kwa macho, akaishia kichwani. "Nani anakunyoa?"

"Kuna jirani mmoja."

"Anakuonea. Kaa."

Wakakaa. Baba hakuzunguka mbuyu. "Binti yangu nimemsikia. Nawe sema lililokuleta."

Na Mkasi akasema. Lo, alisema vizuri! Alisema anampenda tangu siku ya kwanza alipomsikia kwenye hedifoni kabla hata hajamwona uso. Alisema siku asiposikia sauti yake anaona kazi haina maana. Alisema nia yake ni kumwoa, hana nyingine. Baba alikuwa ametulia, mikono juu ya magoti, na uso wake ulikuwa unalegea neno kwa neno. Chiriku aliyasikia maneno aliyoyangoja tangu alipomjua mtu huyu, yanasemwa kwa sauti kamili mbele ya baba yake, na kila moja lilimchoma.

"Ila naomba muda, Mzee," Mkasi akamalizia. "Mama yangu ni mgonjwa, na ana mtu wake aliyemfikiria. Nikimwendea polepole atakubali. Kazini nako kuna nafasi naingoja. Kwa sasa naomba jambo hili tuliweke kimya. Sisi watatu tu. Mpaka mambo yakae sawa."

Baba alishusha pumzi. "Umekuja, hilo ni kubwa. Wengi wasingekuja." Akamgeukia binti yake. "Haya, mama. Mwenzio amesema. Nawe unasemaje?"

Mkasi alimtazama. Yalikuwa macho yaleyale ya ofisini, yale yanayoomba.

Tusidanganyane, Chiriku alitaka kusema sawa. Alilitaka neno hilo lilivyo, lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Akisema sawa, kesho atapigiwa simu kwa sauti ya chini. Wataonana mbali, pale wasipojulikana. Atamsikia akihema kwenye simu, atamtengenezea kola. Atakuwa naye. Ni kidogo, lakini kuna watu wanaishi na kidogo kuliko hicho, na yeye alijijua kwamba angeweza.

"Mkasi," akasema. "Kesho Bi Mkubwa akikuuliza tena, utamwambia nini?"

Mkasi akamtupia baba jicho.

"Na leo ukirudi, mama akikuuliza ulikuwa wapi?"

"Chiriku, hayo si ya kuzungumza mbele ya Mzee."

"Nijibu tu. Utasema ulikuwa wapi?"

"Nitasema nilichelewa kazini," Mkasi akasema, na akaonekana amelisikia neno lake mwenyewe.

Baba aliangalia huku na huku. "Kuna nini huko kazini?"

"Leo aliulizwa kama ananijua, Baba. Bi Mkubwa alimuuliza vizuri tu, bila vitisho. Akasema hanijui, mimi ndiye ninayemsumbua. Ndiyo sababu nikafukuzwa. Si ile sauti." Alisema hayo akimwangalia Mkasi. "Na mimi nikamuunga mkono. Nikasema ni kweli."

Baba alisimama. Alikuwa mtu mdogo wa umbo, lakini sebule ilionekana kumbana. Chiriku naye akasimama, akamshika mkono.

"Kaa, Baba. Nakuomba."

Kisha akamgeukia Mkasi, ambaye machozi yalikuwa yanamtoka bila kuyafuta.

"Nakupenda," akamwambia. "Nasema mbele ya baba, usije ukafikiri nimeacha. Lakini nenda."

"Nipe muda, Chiriku. Kidogo tu."

"Nilikupa wote."

"Nitarekebisha. Nitamwambia mama, nitamwambia…"

"Nenda, Mkasi. Nenda nikiwa bado naweza kukwambia."

Mkasi alisimama, mikono haijui iende wapi. Akamwangalia baba kana kwamba angesaidiwa na huyo. Baba alikuwa ameugeuzia uso wake dirishani. Mwishowe Mkasi akasema, "Kwaherini," akatoka, na wakazisikia hatua zake zikipita mbele ya kibanda, zikasita, kisha zikaendelea.

Chiriku alibaki amesimama mpaka hakuzisikia tena. Ndipo akaanguka kwenye kiti na kulia kilio alichokuwa amekibeba tangu mchana, kilio kisicho na maneno, yeye aliyejulikana kwa maneno. Baba alikaa kando yake. Hakumwambia nyamaza. Alimpapasa mgongo kama alivyokuwa akimpapasa alipokuwa mtoto mwenye homa.

"Ungeniachia mimi," akasema mwishowe. "Ningemtoa hapa kwa mikono yangu. Kwa nini ukajitia uchungu huo mwenyewe? Hiyo ni kazi ya baba."

Chiriku alijifuta uso kwa kiganja. Alikuwa bado anautazama mlango.

"Ungemfukuza wewe, Baba, ningemfuata."